Mjane wa Kighare na Makato ya Mombasa

Kwa Baraza la Mawaziri la Jumuiya ya Afrika Mashariki,
Arusha.

Waheshimiwa,

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, inasema katika Ibara ya 10 kwamba mfanyakazi aliyetoka nchi moja mwanachama kwenda nyingine atapata haki na mafao ya hifadhi ya jamii kama mwenyeji. Ibara hiyohiyo inalikabidhi Baraza lenu kazi ya kutoa maelekezo na kutunga kanuni za mafao hayo. Barua hii inahusu mtu ambaye Itifaki haikumtaja waziwazi: mwenzi wa mfanyakazi huyo, aliyebaki ng'ambo ya mpaka, siku mfanyakazi anapofariki.

Mfano wangu unatoka Kighare, iliyoko Usangi, Tanzania, juu katika Milima ya Upare, jirani na msitu wa Kindoroko. Kwa mtu wa huko, Kenya si mbali. Ziwa Jipe, chini ya milima, limegawanywa na mpaka wenyewe. Ukiteremka kwa njia ya Kikweni hadi Mwanga, ukafika Himo na kukata kulia kwenda Holili, mbele yako ni Taveta, kisha Voi, kisha Mombasa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitandika reli kutoka Voi hadi Kahe, na reli ya Tanga na Moshi, inayopita Same na Lembeni, ikaungana na ile ya Mombasa. Ajira ya upande wa pili haikuwa jambo geni kwa kijana wa milimani.

Hapa yafaa kukumbushana historia, kwa sababu Jumuiya hii ina deni la zamani katika jambo hilihili. Ile ya kwanza, iliyoanza Desemba 1967, ilikuwa na makao ya shirika la reli Nairobi, bandari Dar es Salaam, posta na simu Kampala. Mtu wa Usangi aliweza kuajiriwa reli, akahamishiwa Nairobi, akaoa hukohuko au akamwacha mke nyumbani kwenye migomba na kahawa. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na kabla mwaka haujaisha Jumuiya ikawa imekufa. Mpaka ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Mei 14, 1984, baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi, nchi tatu zilitia saini mkataba wa kugawana mali na madeni: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Kuhusu pensheni, kila nchi ilikubali kuwalipa raia wake.

Raia wake. Kwa mawakili waliokaa mezani hilo lilikuwa suluhisho safi. Lakini familia za Afrika Mashariki hazikugawanyika kwa asilimia 42 na 32. Haki iliyotokana na kazi ilihamishwa ikafungwa kwenye uraia, na hata aliyekuwa na uraia sahihi alisubiri. Wastaafu wa Tanzania waliandamana na kushitaki kwa miaka mingi. Septemba 2005 ndipo Serikali ilipoandikishiana nao makubaliano katika Mahakama Kuu, miaka 28 baada ya Jumuiya kuvunjika. Katika madirisha ya malipo, baadhi ya waliofika walikuwa wajane na watoto wenye barua za mirathi, kwa kuwa wenye jasho walikwisha kuzikwa.

Sasa chukueni mfano wa leo. Hauna jina la mtu, ila yeyote aliyekaa Upare atautambua. Mwanamume wa Kighare amefanya kazi Mombasa miaka ishirini, amekatwa kila mwezi na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya, amekufa. Mkewe yuko Usangi. Walioana kwa mila: mahari ililipwa, wazee wakakaa, pombe ikanywewa. Cheti hakuna.

Kwa Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, ndoa ya kimila ni ndoa, kukosa cheti hakuibatilishi. Hata kama mahari isingelipwa, kifungu cha 160 kingemtetea, maana watu wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kuwa mke na mume, sheria inadhania wameoana mpaka ithibitike vinginevyo. Akishavuka Holili mambo yanageuka. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe, na kuhusu dhana ya ndoa, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisema Januari 2023 kwamba itumike kwa nadra, kwa masharti makali. Mwanamke aliye mke pasipo ubishi Kighare anafika Mombasa akiwa mdai anayetakiwa kuthibitisha.

Kisha makaratasi. Kikao cha ukoo kinakaa, muhtasari unaandikwa, Mahakama ya Mwanzo inamteua msimamizi wa mirathi. Barua ya uteuzi huo inamtosha Mwanga, inamtosha Moshi. Kwa mali iliyoko Kenya, Sheria ya Mirathi ya huko, Sura ya 160, inataka barua ya mahakama ya nje ipelekwe Mahakama Kuu igongwe muhuri upya. Hapo anaingia wakili, na wakili hali ugali wa bure.

Yote hayo kwa kiasi gani? Kwa miaka mingi, hadi Januari 2023, makato ya NSSF ya Kenya hayakuzidi shilingi 200 za Kenya kwa mwezi kwa mfanyakazi, na mwajiri akaongeza 200. Miaka ishirini ya 400 kwa mwezi ni shilingi 96,000, kabla ya riba. Toa nauli, nyumba ya wageni, kiapo, wakili na safari za kuambiwa njoo wiki ijayo. Haishangazi kwamba mtu anaamua kuacha. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Kosa liko kwenye utaratibu uliomlazimisha kuipiga.

Na kiasi kinapanda. Mahakama ya Rufani ya Kenya ilipoiruhusu Februari 2023 sheria mpya ya NSSF kutumika, makato yalihamia asilimia 6 ya mshahara, na mwajiri naye asilimia 6, ndani ya viwango vilivyowekwa. Kufikia Februari 2025 aliye juu kabisa alikuwa anakatwa shilingi 4,320 kwa mwezi. Wajane wa miaka ijayo watakuwa wanaacha fedha nyingi zaidi upande wa pili. Tanzania nayo isijione imepona: makato ya NSSF yake na ya PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, ni asilimia 20 ya mshahara ukijumlisha ya mwajiri, na mke wa Taveta aliyefiwa na mume aliyefanya kazi Moshi hupanda mlima uleule, ila kutoka upande wa pili.

Wengine wamefanyaje? Marekani ni kali kwa wageni: mjane asiye raia, anayeishi nje ya nchi hiyo, kwa kawaida hutakiwa awe amewahi kuishi humo miaka mitano akiwa katika ndoa hiyo, la sivyo malipo husimama baada ya miezi sita nje. Ulaya ilichukua njia nyingine. Kanuni namba 883 ya 2004 ya Umoja wa Ulaya inakataza nchi mwanachama kupunguza au kusimamisha pensheni ya mjane kwa sababu tu anaishi katika nchi nyingine ya Umoja. Jumuiya yenye Soko la Pamoja ilipaswa kufanana na Ulaya katika hili.

Waheshimiwa, lipo jambo ambalo halihitaji mkutano wa wakuu wa nchi. Holili na Taveta kuna kituo cha pamoja cha mpakani, ambako lori la mahindi hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili mahali pamoja. Hapohapo pawekwe dirisha la mifuko ya hifadhi ya jamii. Mjane akabidhi cheti cha kifo, muhtasari wa kikao na barua ya mahakama, apewe risiti, na mifuko yenyewe ndiyo iandikiane. Kwa mafao yasiyozidi kiwango mtakachokipanga, barua ya Mahakama ya Mwanzo ya Tanzania na ya mahakama yenye mamlaka kama hayo Kenya zikubalike bila muhuri wa Mahakama Kuu. Na kanuni mtakazotunga chini ya Ibara ya 10 zimtaje mwenzi anayeishi nchi nyingine mwanachama, ziseme ndoa yake itapimwa kwa sheria ya mahali ilipofungwa, na ziweke siku za mwisho ambazo mfuko lazima uwe umejibu kwa maandishi, uwe unalipa au unakataa.

Mwaka 1945 watu wa Upare walishuka Same kwa maelfu kuipinga kodi ya mbiru, na wanawake wakajiunga. Madai yaliendelea hadi kodi ile ikaondolewa. Wajukuu wao wanaomba dirisha moja Holili na jibu lenye tarehe.

Nakala: NSSF, Tanzania; PSSSF, Dodoma; NSSF, Nairobi.