Koti halikuchakaa

Nina ugomvi na neno moja, nalo ni «kuchakaa». Limeingia katika nakala ya mahojiano niliyoyafanya mwenyewe, na mzee aliyehojiwa hakulitamka hata mara moja.

Mzee huyo ni mtu wa Burungu, kwenye barabara ya Sake kwenda Kitchanga, katika nyanda za juu za Masisi ambako asubuhi huwezi kutoka nje bila kitu kizito mgongoni. Januari 2023, mapigano yalipofika Kitchanga, aliteremka kuelekea Goma akiwa amevaa koti lake la ngozi. Zoezi letu lilikuwa kurekodi mazungumzo juu ya kitu kimoja cha nyumbani. Yeye hakuwa na nyumba, kwa hiyo tukazungumza juu ya koti.

Nilimwuliza: «Papa, hii koti imezeeka?» Akajibu: «Hapana. Haikuzeeka. Imenizoea.»

Nakala iliporudi kutoka kwa msahihishaji, sentensi hizo mbili za mwisho zilikuwa zimegeuka kuwa: «Ndiyo, limechakaa.»

Kiambishi sitakipigania sana. Kwetu Kivu koti ni «koti ya ngozi», na kitabu kinataka «koti la ngozi». Anayeandaa kitabu cha shule ana haki ya kuchagua moja, ingawa katika nakala ya isimu ningependa kuona kile kilichotoka kinywani. (Neno lenyewe «koti» tulilipata kwa Waingereza, kwa hiyo hakuna aliyezaliwa nalo katika ngeli yoyote.) Kilichoniuma ni kitenzi. Hapana ya mzee imefanywa ndiyo, kisa msahihishaji aliona kwamba kitu hakiwezi kumzoea mtu.

Basi tulitazame koti. Alilinunua Goma, katika robota la mitumba, na lilikuja na mikunjo ya mtu mwingine. Alinionyesha mkono wa kulia: mikunjo ya zamani ilikuwa imelala chini ya kiwiko chake, kama upana wa vidole vitatu, kwa sababu mwenyewe wa kwanza alikuwa na mikono mirefu. Juu yake, pale kiwiko chake yeye kinapokunjika, kulikuwa na mikunjo mingine, mipya na mirefu zaidi. Ile ya zamani ilikuwa imeanza kujinyoosha. Kingo za mifuko zilikuwa zimepoteza weusi na kuonyesha hudhurungi iliyo chini ya rangi, hasa upande wa kulia, maana yeye hutia mkono wa kulia mfukoni akitembea.

Wanaojua ngozi wangemwunga mkono. Ngozi si kitambaa kilichofumwa. Ni nyuzi za kolajeni zilizosukana ovyo, na kazi ya kuitengeneza kwa dawa ni kuzizuia zisioze wala zisikauke zikashikamana. Ngozi inapokunjwa pale pale kila siku, ikipata joto na jasho la mwili, nyuzi hizo huteleza na kujipanga upya, kisha hubaki hivyo. Ndiyo maana mkunjo wa kiwiko haufanani na mkunjo wa kwapa, na makoti mawili yaliyotoka kwa fundi mmoja hayafanani baada ya miaka mitano. Ukitaka kitenzi kimoja cha Kiswahili kwa jambo hilo, mzee amekwisha kukupa.

Tena aliendelea. Alisema kabla ya hilo alikuwa na koti jingine, aliloambiwa ni ngozi, nalo «ilitoka maganda». Hilo lilikuwa plastiki iliyobandikwa juu ya kitambaa: unyevu huivunja plastiki hiyo polepole, ikaanza kubanduka vipande vipande mabegani, na hakuna mafuta yatakayoirudisha. Sokoni yote mawili huitwa ngozi, na mnunuzi hujua tofauti akiwa amekwisha kulipa. Mzee aliitofautisha kwa vitenzi. Alikuwa navyo vitatu: kuzeeka, kuzoea, kutoka maganda. Katika nakala iliyosahihishwa vyote vitatu vimekuwa «kuchakaa».

Nitaambiwa kwamba usanifu ni wa lazima, na tangu mkutano wa Mombasa wa 1928 uliochagua Kiunguja kuwa msingi, lugha isingefika ilipofika bila mtu wa kusahihisha. Nakubali. Lakini Kiunguja kilichaguliwa kutoka vinywa vya watu waliosikilizwa kwanza. Sisi wa idara ya lugha za Kiafrika tunasoma miaka mizima jinsi ya kusikiliza, kisha tunakaa tukiulizana istilahi za ufundi wa ngozi zitatoka wapi, huku tukizifuta kwa kalamu nyekundu.

Ninachoomba ni kidogo: nakala za mahojiano zihifadhiwe kama zilivyosemwa, na usahihishaji, ukihitajika, uandikwe kando kwa jina la aliyeufanya. Yangu nimeirudisha ilivyokuwa kwa penseli katika pambizo. Faili ya kompyuta bado inasema mzee alijibu ndiyo.