Mafunjo ya Naivasha Yasiguswe

Anayetaka kujua kwa nini Ziwa Naivasha lina ndege wa aina nyingi asitazame maji pekee, atazame ukingo. Kwenye mafunjo hujificha korongo. Juu ya majani ya yungiyungi hutembea sile-maua, mwenye vidole virefu hata hazami. Hapo hapo hutaga, na dume ndiye anayeatamia, kisha hubeba makinda chini ya mbawa. Majani yakiondoka, hana pa kutagia. Mnandi na mwari wao hutaka maji ya wazi yenye samaki.

Ziwa Nakuru limekwisha kutuonyesha kwamba makazi yakibadilika, ndege huondoka. Maji yake ya magadi yalilisha heroe wengi mno kwa mwani wa spirulina. Ziwa lilipofurika na magadi kuzimuka, mwani ulipungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria.

Naivasha ililindwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhioevu mwaka 1995, lakini mafunjo yanazidi kufyekwa kwa mashamba na majengo. Hilo halikubaliki. Serikali ya Kaunti ya Nakuru iweke alama za mipaka ya ukingo, na isitoe kibali chochote cha ujenzi ndani yake.