AFYA YETU: Usaha wa Kidonda Unakwenda Wapi?



Labda umewahi kwenda hospitali na kidonda kisichopona. Umekwisha meza vidonge vya aina mbili, lakini usaha bado unatoka. Mganga anachukua kijiti chenye pamba. Anapangusa usaha na kukitia kijiti ndani ya kichupa. Kisha anakuambia, "Rudi baada ya siku tatu." Wengi wetu hununa. Tumefuata dawa, tunapewa safari nyingine! Leo tuufuate usaha huo.

Unakwenda maabara, yaani chumba cha kupimia. Ndani ya usaha mna bakteria. Hao ni vijidudu vidogo mno, macho matupu hayawaoni. Mpimaji anazo sahani ndogo zenye mifuniko. Ndani yake mna chakula cha bakteria kilichogandishwa kwa unga wa mwani wa baharini. Anapaka usaha juu ya chakula hicho. Sahani anaiweka ndani ya kabati lenye joto kama la mwili wa mtu. Kesho yake bakteria wamezaliana sana hata wanaonekana kama vitone.

Sasa anawapaka bakteria hao juu ya sahani mpya. Juu yao anapanga vipande vya karatasi vya mviringo, upana wake milimita 6. Kila kipande kina dawa yake. Hiki kina penisilini, kile kina tetrasaiklini. Sahani inarudi kabatini usiku kucha.

Asubuhi sahani ni kama shamba lililoota magugu. Bakteria wametanda kote. Lakini kuzunguka vipande vingine kuna duara tupu. Hapo dawa imewashinda. Mpimaji anapima duara kwa rula, kisha anatazama jedwali. Hachagui tu duara kubwa, maana dawa nyingine husambaa mbali kuliko wenzake. Na kuna vipande ambavyo bakteria wameota mpaka ukingoni. Dawa hiyo, hata ikiwa ghali namna gani, haitakiponya kidonda chako.

Kwa nini imeshindwa? Kati ya bakteria wengi, wachache huwa sugu. Dawa huua walio dhaifu, na wale sugu hubaki wakazaliana. Sisi huwasaidia. Tunanunua vidonge viwili vitatu dukani bila kupimwa. Tunagawana dozi moja na jirani. Tunameza dawa hizo kwa mafua, na mafua huletwa na virusi. Dawa ya bakteria haiui virusi. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini huko London mwaka 1928, alionya juu ya dozi pungufu alipopokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945. Mwaka 2019 inakadiriwa kuwa watu zaidi ya milioni 1 na laki 2 duniani walikufa kwa sababu ya bakteria sugu.

Kabla hatujatoka maabara, itazame meza ya mpimaji. Akimaliza kazi huipangusa kwa dawa kali ya kuua vijidudu. Dawa ya namna hii si ya kumeza. Nayo hupimwa, lakini kwa saa. Bakteria huchanganywa na dawa. Baada ya dakika kadhaa, wachache huchukuliwa na kutiwa ndani ya chakula safi. Wakiota, dawa haikufaulu. Mara nyingine huongezwa uchafu kidogo makusudi, kwa kuwa uchafu hupunguza nguvu ya dawa. Klorini huishia kwenye tope kabla ya kuwafikia bakteria. Kwa hiyo osha kwanza, ndipo utie dawa, halafu ngoja dakika zilizoandikwa kwenye chupa. Jambo jingine linashangaza: spiriti yenye maji kidogo, sehemu 70 kwa 100, huua bakteria vizuri kuliko spiriti tupu.

Siku ya tatu umerudi. Mganga ana karatasi ya majibu. Mwombe uitazame, maana kusoma sasa unajua. Utaona majina ya dawa, na kando ya kila jina kuna herufi. S maana yake bakteria wa kidonda chako wanashindwa na dawa hiyo. R maana yake ni sugu. Ukiona I, mwulize mganga akueleze.