Afisa ustawi akipiga hodi
Kwenye njia ya kale ya misafara ya Ujiji, kutoka Tabora mjini hadi mashamba ya tumbaku ya Urambo, mzazi akisikia afisa ustawi wa jamii anakuja, huwaza jambo moja: mwanangu anachukuliwa. Hofu hiyo naielewa, lakini inawaumiza watoto, maana mwenye hofu huficha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa, na halmashauri ina wajibu wa kumlinda mtoto huyo. Afisa atataka kujua mtoto analala wapi, anakula nini, anakwenda shule au anashinda kwenye tumbaku, na nani anamwangalia wakati mama yuko shambani. Atazungumza na mtoto pia. Usikasirike, kutoa maoni ni haki ya mtoto kisheria. Amri ya matunzo, ile inayomtoa mtoto nyumbani, hutolewa na mahakama, na kwangu umaskini peke yake hauwezi kuwa sababu. Basi mzazi, sema kweli, uliza kila usichoelewa, mtaje bibi au shangazi anayeweza kusaidia. Simu ya Mtoto ni 116, haina malipo.