KONGOSHO: SI KILA ANAYEUGUA NI MLEVI

Leo tuzungumzie kiungo ambacho wengi hawakijui mpaka siku kitakapowaumiza, nacho ni kongosho. Kipo nyuma ya tumbo la chakula. Kinatoa maji ya kumeng'enya chakula, na kinatoa insulini inayodhibiti sukari mwilini. Kikivimba ghafla mtu hupata maumivu makali juu ya kitovu, mara nyingi yakipenya mpaka mgongoni, hutapika, na akilala chali ndiyo kwanza yanazidi. Wengi huonekana wameinama mbele wameshika tumbo.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni neno linalofuata baada ya maumivu hayo. Mgonjwa akishalazwa, mmoja katika familia husikia kwamba ugonjwa huu unaletwa na pombe, na kabla ya Magharibi habari imeshazunguka mtaa: kumbe fulani anakunywa kwa siri! Mke anaanza kumtazama mumewe kwa jicho jingine. Mtu wa swafu ya mbele msikitini anatoka hospitali amepona tumbo, heshima yake imebaki wodini. Surat al-Hujurat imetuonya juu ya dhana mbaya na kuchunguzana, na katika jambo hili hata utabibu hauungi mkono dhana hiyo.

Ni kweli pombe ni miongoni mwa sababu kubwa, pamoja na mawe ya kwenye mfuko wa nyongo. Ipo ya tatu ambayo haitajwi sana, nayo ni mafuta kuzidi katika damu. Mafuta yenyewe ni yale yaitwayo trigliseraidi, siyo ile lehemu tuliyozoea kuisikia kwenye maradhi ya moyo. Kwa mtu mzima aliyepimwa kabla hajala, kiwango kinachotakiwa ni chini ya miligramu 150 kwa desilita ya damu. Yakipita 500 tunaanza kuliogopea kongosho, na yakipita 1,000 (yaani milimoli 11.3 kwa lita) hatari iko wazi. Damu ya mtu wa namna hiyo ikiachwa itulie kwenye kichupa, maji yake ya juu huwa meupe kama tui la nazi.

Damu nzito hivyo hupita kwa taabu kwenye vijishipa vyembamba vya kongosho. Tena kongosho lina kimeng'enya cha kuvunja mafuta, kiitwacho lipasi. Kikiyavunja mafuta hayo mengi papo hapo, hutoka tindikali zinazoliunguza kongosho lenyewe.

Sasa mafuta hayo yametoka wapi? Hapa naomba tusikimbilie kumlaumu mama aliyekaanga sambusa. Si kawaida chakula peke yake kumfikisha mtu 1,000. Mara nyingi pana jambo chini yake: kisukari kisichodhibitiwa, au ambacho mwenyewe hajui kama anacho, maumbile ya kurithi, unene, maradhi ya figo, tezi ya shingo iliyopungukiwa nguvu, ujauzito katika miezi ya mwisho, au dawa kama vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni na baadhi ya dawa za kufubaza VVU. Juu ya msingi huo ndipo chakula huongeza. Wala si chakula cha mafuta tu, kwani sukari na wanga uliozidi ini huvigeuza kuwa mafuta hayo hayo. Mwenye tatizo hili akiacha nyama, lakini soda tatu kwa siku na kalimati zilizozama kwenye shira akabaki nazo, bado hajajisaidia.

Nyumbani hakuna tiba ya ugonjwa huu. Kuna wanaopewa dawa za vidonda vya tumbo siku mbili tatu, na kuna wanaonyweshwa kombe huku wanatapika. Kisomo hakuna anayekikataza, lakini asomewe akiwa njiani kwenda hospitali.

Mkifika, ombeni kwa adabu trigliseraidi zipimwe siku hiyo hiyo ya kwanza. Nasisitiza siku ya kwanza, kwa sababu mgonjwa asiyekula mafuta yake hushuka haraka, na kipimo cha siku ya tatu kinaweza kuonyesha kana kwamba hapakuwa na kitu. Kuna jingine wenzangu matabibu wanalijua lakini husahaulika: mafuta yakiwa mengi sana, kipimo cha amilasi huweza kudanganya kikasoma kawaida. Lipasi ni bora zaidi.

Matibabu ni maji ya dripu, dawa ya kutuliza maumivu na uangalizi wa karibu. Msione daktari anapunguza kasi ya dripu mkadhani anabana matumizi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa kumimina maji kwa kasi kubwa kunamzidishia mgonjwa madhara bila faida. Antibiotiki hazihitajiki ikiwa hakuna maambukizi. Kushusha mafuta, wapo wanaopewa insulini kwa dripu huku sukari ikipimwa mara kwa mara, na baadhi ya hospitali kubwa huweza kuchuja damu kwa mashine. Zamani mgonjwa alinyimwa chakula siku nyingi. Sasa huanza kula mapema akiweza, ila chakula chepesi. Supu ya mbuzi yenye mafuta yanayoelea ibaki nyumbani, hata kama shangazi ameipika kwa mapenzi.

Na lile swali la pombe? Tabibu lazima aulize, maana majibu hubadilisha matibabu, na mgonjwa amjibu ukweli bila kuona ametukanwa. Ninachokipinga ni kuulizwa mbele ya mama mkwe na wageni wa kitanda cha pili. Liulizwe faraghani, na jibu libaki hapo.

Akishatoka, kisukari kisimamiwe, na dawa za kushusha mafuta kama fenofibrati asiziache kwa kuwa tumbo limenyamaza, kwani ugonjwa huu hurudi. Kabla ya Ramadhani amuone daktari mapema, si usiku wa kuandama mwezi. Mgonjwa ana ruhusa yake katika sharia. Akiruhusiwa kufunga, futari yake iwe tende chache, uji usio na sukari nyingi na samaki wa kuchemsha, bagia na kachori awaachie wengine.

Ndugu zake wa damu na watoto nao wakapimwe, hasa akiwa ameugua bado kijana, au kama kuna mwenye vipele vidogo vya manjano kwenye viwiko, magoti au makalio. Waende asubuhi, tangu usiku wasile wala kunywa chochote isipokuwa maji.