Kabla ya PlayStation kulikuwa na kaseti

Mwandishi, makala tamu, ila hapo uliposema utoto wetu wa gemu ulianza na PlayStation sikubaliani nawe. Sisi wa Tanga miaka ya 90 tulianza na mashine za kaseti, nyingi zikiwa zimeiga Famicom ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983. Hizo za kuiga ndizo zilizotuletea Battle City, ile gemu ya vifaru ya Namco ya 1985, ambayo mtaani tuliiita Tank tu. Raha yake mnacheza wawili upande mmoja, mnamlinda tai, na risasi yako mwenyewe inaweza kumuua. Kaka yangu alikuwa mkali sana hapo, ukibomoa ukuta wa tai unanyang'anywa pedi! Na ndugu uliyeandika hapo juu kwamba unataka kumchezesha mwanao Duck Hunt: ile bunduki inategemea jinsi TV ya chogo inavyochora picha, kwenye flati haisomi kabisa hata ulenge vipi. Kama kuna mzee mtaani kwenu ana chogo inayowaka, mfuate leo kabla hajawauzia watu wa vyuma chakavu.