Dǎoméi si jina la uzembe

Jumatatu iliyopita nimejifunza neno la Kichina, na sikulipata darasani. Chuo Kikuu cha Nairobi kina Taasisi ya Confucius tangu 2005, lakini mwalimu wangu mimi ni mzee mmoja Mchina mwenye duka la simu Luthuli Avenue.

Siku yenyewe ilianza vibaya. Mvua ilinikuta Kangemi, matatu ikakwama Waiyaki Way, chini ya ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022. Nikashuka Westlands nitembee, gari likanirushia maji ya tope. Nilipoingia dukani nimelowa chapachapa mzee akacheka: "Pole, fundi. Dǎoméi!"

Nililipenda hapo hapo. Dǎo ni kuanguka, méi ni ukungu, ule unaoota kwenye mkate. Sisi tuna mkosi, nuksi na kisirani, lakini hayo ni mazito. Sema una mkosi uone kama shangazi hataanza kuuliza nani kakuroga! Dǎoméi ni jepesi. Umekosa basi, umelisema, yamekwisha.

Basi nikafungua programu ya stoo niliyomtengenezea. Kwa siku mbili alikuwa ameingiza majina ya bidhaa kwa Kichina. Kwenye skrini: ????. Kila jina! Hifadhidata niliiacha kwenye latin1, mpangilio usiozijua herufi za Kichina, nayo badala ya kulalamika ilikuwa inaweka alama ya kuuliza mahali pa kila herufi. Ya asili haibaki popote. Hairudi.

Mzee akasema tena, polepole: "Dǎoméi." Alikuwa ananisitiri tu. Mvua ni dǎoméi. Tope pia. Hii ilikuwa kazi yangu.

Wenzangu waandika programu, hapa ndipo tunapojidanganya. Kiswahili tunakiandika kwa herufi zile zile za Kiingereza, kwa hiyo tunajaribu programu kwa "sukari" na "charger", zinatokea sawa, tunadhani tumemaliza. Anayeandika kwa Kichina, Kiarabu au Kiamhari ndiye anayelipa, halafu tunaita bahati mbaya.

Nimehamishia kila kitu utf8mb4, na Jumamosi tulikaa naye mpaka jioni, yeye akisoma maboksi na kuchapa upya, mimi nikihakiki. Neno la kwanza tulilojaribu lilikuwa 倒霉. Lilitokea lote. Tukacheka wote wawili, ila yeye zaidi.